Shati la Shemeji

“Nipeni soksi moja tu, tena iliyotoboka kisigino, na nitawaliza watu elfu kumi!”

Mvuke aliyasema hayo kwa kinywa kipana, ndani ya duka la kinyozi, Jumamosi asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alikuwa ameingia kuazima mkasi.

Mvuke ni dobi. Ana jina alilopewa na wazazi, lakini hata mama yake, miaka yake ya mwisho, alikuwa amenyoosha mikono akawa anamwita Mvuke kama watu wengine, maana ukitaka kumpata unafuata wingu la pasi, na yeye yumo humo ndani, anaongea. Watu huja kuchukua suruali moja iliyokuwa tayari tangu jana, wakaondoka mchana wakiwa wameisahau.

Kinyozi ni jirani yake. Maduka yao yametenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, mwingine anamwombea afya. Alizima mashine ili asikike vizuri.

“Elfu kumi? Video yako ya juzi imetazamwa na watu tisa. Na mmoja ni mimi, nilibonyeza kwa bahati mbaya.”

Foleni ikavunjika mbavu. Hata mteja aliyekuwa na povu mashavuni alicheka, jambo la hatari sana ukiwa chini ya wembe.

Kinyozi hakuwa amesema uongo. Mvuke alikuwa amefungua ukurasa mtandaoni akifundisha watu kutoa madoa ya wino, kunyoosha marinda, kutia wanga kola isisimame kama bati. Mafunzo mazuri, yenye faida, na hayakuwa na mtazamaji. Mtu mwenye doa la wino hufuta doa, hatafuti urafiki. Lakini siku ile alirudi dukani kwake na hasira ya kuchekwa, akaifunga simu kwa kamba kwenye henga juu ya meza ya pasi ili ionyeshe mikono yake tu, na meza, na nguo. Akatafuta soksi. Akaipata. Kisha akaanza kuinyoosha taratibu huku akisimulia habari za mzee mmoja anayeleta soksi moja kila wiki, moja tu, na haulizwi ya pili iko wapi.

Mzee huyo hakuwapo duniani. Mvuke alimtunga hapohapo, pasi ikiwa bado inapata moto.

Elfu kumi hawakufika siku hiyo. Walifika keshokutwa yake, na walilia. “Jamani ya pili iko wapi?” waliandika. “Dobi usitufanyie hivi.” Mvuke akagundua siri ambayo kwenye chuo chochote cha habari angefundishwa kwa miaka miwili na michoro: ukimaliza hadithi, watu wanakushukuru na kuondoka, ukiikata, wanakutukana na kubaki. Basi akawa anaikata. Anafika penye utamu, anaiweka pasi wima, mvuke unapanda, video imekwisha. Watu waliandika maneno ambayo mama zao hawakuwafundisha, na kesho yake wakawa wa kwanza kufika.

Akasimulia kanzu ya mtu aliyeoa mara moja na kuachwa mara mbili. Akasimulia sare ya mlinzi aliyelinda benki maisha yake yote bila kuingia ndani. Siku moja, kwa kuishiwa, alisimulia ukweli: akaeleza jinsi madobi wanavyotia alama. Ndani ya kola, upande wa shingoni, kila mteja ana alama yake ya uzi, rangi yake na mshono wake, ili mashati meupe arobaini yasipotezane. “Wewe ni misalaba miwili ya kijani,” alisema mbele ya simu, “na utabaki misalaba miwili ya kijani mpaka siku unazikwa.” Watu waliipenda hiyo kuliko hata za uongo. Mtaa mzima ulikwenda kugeuza kola kuangalia umepewa nini, na kila mtu akamtajia jirani alama ya nyumbani kwake. Kinyozi alikuta ana duara la njano akakasirika wiki nzima. “Mimi ni mtu wa duara mimi?”

Sasa, misalaba miwili ya kijani ilikuwa ya shemeji yake.

Huyu shemeji ni mume wa dada yake, dada wa pekee, aliyemlea Mvuke tangu mama yao alipoanza kuugua, na ndiye aliyempa pasi ya kwanza. Mume ni fundi wa lifti. Majengo marefu ya mji ule na ya miji mingine humwita, na yeye huenda, siku tatu huku, siku nne kule, na akirudi hasemi kitu. Ni mtu mkimya hivi kwamba akiguna mara mbili kwa siku, mkewe humshika paji la uso kuangalia kama ana homa. Wana watoto wawili wa kiume ambao wamerithi mdomo wa mjomba, kwa hiyo nyumba haikukosa kelele.

Na mashati yake ni mazuri. Pamba nzito, nyeupe, inashika mwanga. Mvuke aliyapenda kwa kuwa mbele ya simu yalitoka kama picha za gazetini. Ndiyo sababu siku alipotaka kuanza hadithi ndefu, ya sehemu nyingi, hakuwaza mara mbili. Alivuta shati la shemeji.

Hadithi yenyewe ilianzia kwenye kifungo. “Tazameni hapa,” alisema, kidole chake kikishuka kwenye kifua cha shati. “Kifungo cha tatu. Uzi umepita msalaba. Huyu ni mwanamke mmoja, mkono wake ni mzito, anashona kwa hasira. Sasa tazameni cha nne. Uzi umepita mistari miwili, sambamba, kama reli. Huyu ni mkono mwingine. Shati moja, wanawake wawili, na mwenye shati anadhani hakuna anayejua. Ila dobi anajua.” Pasi ikasimama wima. Mvuke ukapanda. Imekwisha.

Hapo inafaa kueleza jambo ambalo madobi hawapendi lielezwe. Dobi akivunja kifungo, hasemi. Kila dobi ana kopo la vifungo chini ya meza, na mwenye nguo hajafika, kifungo kingine kimeshakaa mahali pake, na dunia inaendelea. Kifungo cha nne cha shati la shemeji Mvuke alikivunja mwenyewe kwa ncha ya pasi, akakishona mwenyewe, mistari miwili, kama alivyofundishwa kazini. Mwanamke wa pili alikuwa yeye.

Lakini nani angejua? Na wanawake wawili ni watamu kuliko dobi mmoja mwenye sindano.

Sehemu ya pili ikapata watu mara tatu ya kwanza. Mwanamke wa kwanza alipika, wa pili alicheka. Kwa wa kwanza mwenye shati alikuwa bubu. Kwa wa pili alikuwa kasuku. Watu wakagawanyika. Wapo waliomtetea wa kwanza, wapo waliomtaka wa pili apewe haki yake, na wapo waliogombana wao kwa wao usiku na mchana hadi wakasahau ni shati. Sehemu ya tatu, Mvuke akiwa amevimba kichwa kiasi kwamba kinyozi alitishia kumtoza vichwa viwili, alikunjua kola ili ainyooshe vizuri. Kola ikafunguka mbele ya simu. Misalaba miwili, kijani, imetulia kabisa katikati ya kioo.

Yeye hakuiona. Aliona mwanga tu, ulikuwa mzuri.

Dada alikuja siku iliyofuata, mchana, akiwa na mfuko. Hakuketi. Alimwaga mashati yote ya mumewe juu ya meza ya pasi, na meza ikawa nyeupe.

“Mdogo wangu,” alisema, “huyu mwanamke ni nani?”

“Mwanamke gani, dada?”

“Usinichezee. Wauza nyanya wameniuliza. Mwalimu wa watoto ameniuliza. Mama wa nyumba ya juu, ambaye hatujasalimiana tangu mambo ya kamba ya kuanikia nguo, leo amenipa pole! Amenishika mkono! Kola ya mume wangu iko kwenye simu ya kila mtu, na wewe ndiye mwenye kujua. Sema.”

Mvuke akacheka. Alicheka kwa kuwa jibu lilikuwa jepesi mno. “Dada, ni mimi.”

“Ni wewe nini?”

“Mwanamke wa pili. Kifungo nilishona mimi. Nilikivunja na pasi.”

Dada alimtazama kama mtu anayetazama mtoto anayekana kula sukari huku sukari iko mdomoni. “Umekosa uongo wote duniani ukachagua huo?”

“Wallahi, dada.”

“Unamficha. Wanaume ninyi mnafichana. Mtu akila meza moja na mwenzake basi ameuza ulimi.”

Basi akatoa kopo. Akachukua kifungo, akavuta uzi, akashona mbele yake: mistari miwili, sambamba, kama reli. Dada akakilinganisha na kile cha shati. Akakivuta. Akakigeuza. Mvuke akatoa shati la kinyozi, lenye kifungo cha mistari miwili. Akatoa koti la mwalimu. Akatoa blauzi ya mama wa nyumba ya juu, mistari miwili, na hapo ndipo dada alipoanza kutetemeka mabega, na haikujulikana kama ni kilio au kicheko mpaka kilipotoka, na kilikuwa vyote viwili.

“Apa,” alisema, akifuta macho kwa mkono wa shati la mumewe. “Apa kwa kaburi la mama kwamba hakuna mwanamke.”

“Naapa kwa kaburi la mama. Hakuna mwanamke. Nilitunga.”

Akaketi sasa. Aliketi kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani, shingo bado haiamini. Akamwambia kwamba asubuhi hiyo alikuwa ameshatoa sanduku chini ya kitanda. Akamwambia alikuwa amewaza awaambieje watoto. Halafu akampiga kofi la mgongo lililoangusha henga mbili, akamtaka aweke video nyingine, saa hiyohiyo, aseme kwa sauti yake kwamba amezua.

Aliiweka. Mikono, meza, kopo la vifungo, ukweli mtupu. Ilikuwa hadithi yake pekee iliyokuwa na mwisho, na watu waliichukia kama ugonjwa. “Amenunuliwa.” “Mwenye shati amemtishia, mnaona mikono inavyotetemeka?” “Rudisha mwanamke wetu.” Kinyozi aliyasoma maoni hayo kwa sauti kupitia ukutani mpaka Mvuke akamwomba anyamaze. Haikumuuma sana. Dada yake alikuwa amerudisha sanduku chini ya kitanda.

Jumatatu, jua likiwa kali na mtaa mtupu, shemeji alikuja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono magotini. Alisubiri mwalimu achukue koti lake na kuondoka. Kisha akainuka, akarudisha mlango nusu.

“Shem,” alisema. “Nani alikuambia?”

Mvuke alidhani anaulizwa habari za kola. “Kuniambia nini, shemeji? Ilikuwa bahati mbaya, ile kola sikuiona kabisa, naomba unisa…”

“Si kola. Habari za kule.”

“Kule wapi?”

Shemeji alimtazama kwa subira, bila haraka, kama anavyotazama lifti iliyokwama huku watu wanapiga kelele ndani. “Tuko wawili hapa. Hakuna haja ya kuigiza.”

Pasi ilikuwa imelala juu ya blauzi ya mtu. Mvuke alisikia harufu ya kuungua, akajua ni kazi yake kuinyanyua, na mkono haukwenda.

“Nilijua siku moja utagundua,” shemeji aliendelea, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema harusini kwake. “Nguo zangu unazishika wewe kuliko mtu yeyote. Nikirudi kutoka kule nilikuwa nasita kukuletea. Ila pale kwenye kifungo ulikosea, shem. Yule hajui hata kushika sindano. Kifungo kikitoka anapeleka kwa fundi.”

Akanyanyua pasi mwenyewe, akaisimamisha wima. Kwenye blauzi palikuwa na alama ya kahawia, umbo kamili la pasi.

“Na ile video ya kukanusha. Asante. Sikuitarajia. Umekuwa mtu mzima.”

“Shemeji,” Mvuke alisema, na sauti iliyozoea kuongea na maelfu ikatoka kama ya kuku aliyeshikwa shingo, “mimi nilitunga.”

“Mmh.”

“Nilitunga! Mimi sikujua kitu!”

“Ndivyo hivyo useme,” shemeji alisema kwa upole. “Ukiulizwa, sema hivyohivyo. Kuna mtoto pia. Wa kike. Kwa hiyo unaona si mchezo.”

“Mwambie dada. Mwambie wewe mwenyewe.”

“Nitamwambia. Nikipata nafasi.” Akafungua mlango. Mwanga ukaingia. Akatoka, akipita mlangoni mwa kinyozi akamsalimu kwa kuinua mkono, na kinyozi akamwambia Mvuke baadaye kwamba hajawahi kumwona yule bwana akiwa na furaha kiasi kile.

Nafasi haikupatikana. Wiki zilipita, shemeji alienda na kurudi, na Mvuke akawa ananyoosha nguo bila kuongea. Wateja walichukua suruali zao na kuondoka papo hapo, wengine wakiuliza kama anaumwa. Ukurasa ulinyamaza. Wafuasi walianza kudondoka kama nguo kwenye kamba isiyo na vibanio.

Aliyeuokoa ni dada.

Alikuja na stuli yake mwenyewe. “Mdogo wangu, umesusa nini? Watu wanataka hadithi, wape. Mimi hainiumi tena. Nimemwambia hata shemeji yako, nikamwambia, unajua mtandaoni una mke wa pili? Akacheka! Yule mtu akacheka, meno nimeyaona!”

“Hadithi imekwisha, dada.”

“Haijaisha, umeogopa. Mimi nisiogope, uogope wewe?”

Akawa anakuja kila siku baada ya watoto kwenda shule. Alipanga nguo, alipokea wateja, alisoma maoni kwa sauti na kuyajibu kwa ukali wa haki kabisa. Na alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Alijua mwanamke wa kwanza angesema nini akiulizwa. Alijua angepika nini siku ya mashaka na angekaa upande gani wa kitanda. Mvuke alisimulia, kwa kuwa dada alimsukuma, na stuli yake ilikuwa palepale; alisimulia akitazama mikono yake tu, na kila alipokata hadithi, dada alipiga makofi. Ukurasa ukarudi. Ukapita pale ulipokuwa.

Siku moja Mvuke alijaribu kumwambia. Dada alikuwa anakunja shuka, wamelishika pande mbili, wanakaribiana na kuachana kama walivyofanya utotoni.

“Dada. Hivi kama ingekuwa kweli?”

“Nini?”

“Ile hadithi. Tuseme tu.”

Dada akaja na ncha zake, akazitia mkononi mwake. “Ingekuwa kweli, ungekuwa umeapa uongo kwa kaburi la mama. Na wewe una mambo mengi, mdogo wangu, lakini hilo huna.” Akachukua shuka jingine. “Shika.”

Akashika.

Asubuhi ile ya mwisho inayohusika hapa, shemeji alipita mapema kabla dada hajafika. Alikuwa anaelekea kwenye jengo jipya. Aliacha mfuko mweusi juu ya meza, mdogo, umefungwa fundo. “Mashine ya kufulia ya kule imeharibika,” alisema. “Kwa kuwa wewe unajua, nimeona nisihangaike. Nitazipitia Ijumaa.” Mvuke alifungua mdomo. Shemeji alikuwa ameshatoka, na mlangoni akapishana na mkewe, akamshika bega, akamwambia amevaa kitambaa kizuri leo. Dada aliingia akiwa bado anatabasamu nusu.

“Umemsikia? Siku hizi anasifia.” Akatundika mkoba, akavuta mifuko ya asubuhi moja moja, akafungua mafundo kama kawaida yake. Mvuke alisema aache, ule atafanya yeye. Alisema kwa sauti ndogo mno. Fundo lilikuwa limeshafunguka.

“Jamani! Kagauni haka!” Alikainua juu kwenye mwanga wa dirisha. Kalikuwa ka rangi ya waridi, kana mfuko mmoja wa kifuani, na mfukoni kumebaki biskuti iliyosagika. Dada aliitoa kwa kidole, akacheka, akakaweka kifuani pake kupima urefu. “Ka nani?”

“Ka mteja.”

“Mteja mpya? Unaona mimi kila siku nasema nataka wa kike, nyumba imejaa vidume.” Akakalaza mezani, akakanyoosha kwa kiganja, rinda moja baada ya jingine. Mkono wake ukasimama. “Mdogo wangu. Sikiliza. Yule mwanamke wa pili tumpe mtoto. Wa kike, mdogo, wa kagauni kama haka. Watu watakufa.”

Mvuke alishika pasi, ilikuwa baridi, hajaichomeka.

“Umesikia? Tena leo tuanzie hapo. Onyesha gauni, usiseme la nani, halafu kata.” Tayari alikuwa anaifunga simu kwenye henga, akiipima ikae sawa juu ya meza. Mlangoni akatokea mama mmoja na mtoto mgongoni, akachungulia, akauliza kama hapa wanapokea na nguo za watoto.

“Tunapokea, mama, karibu,” dada alisema. Akamgeukia mdogo wake. “Gauni la mtoto ni bei gani?”

“Gauni la mtoto, kufua na kunyoosha,” Mvuke alisema, “ni elfu mbili.”